Shajara ya tipa: kutoa nati kwenye chesisi na kuweka lokibolti, na hasara zote humo ndani

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Naanza kuandika kabla kazi haijaisha kwa sababu nikimaliza najijua, nitakumbuka mazuri tu.

Gari ni tipa la tairi kumi, linabeba mawe ya chokaa kutoka upande wa Kiomoni, mawe ya ukoo mmoja na yale ya mapango ya Amboni, linashusha kwenye saiti za Tanga mjini na mara nyingine linapanda hadi Muheza. Mwenye gari ni mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi, sitamtaja. Gereji yangu iko kando ya barabara ya Pongwe, mimi na dogo mmoja.

Tatizo lenyewe ni krosmemba tatu za nyuma, yani vile vyuma vya kukingama vinavyounganisha reli mbili za chesisi. Zamani zilikuwa na riveti za kiwandani, fundi fulani huko nyuma akazikata akaweka bolti za M16 na nati, na tangu siku hiyo gari linarudi. Mimi peke yangu nimezikaza mara tano mwaka huu. Nimeweka washa za springi, nimeweka nati mbili mbili, nimeweka gundi ya uzi, mara ya mwisho nikaweka nati za nailoni. Wiki tatu hizo unasikia tena kwa nyuma kaa kaa kaa likipita kwenye mashimo. Safari hii nikachungulia nikakuta na gasseti mbili, yale mabamba yanayoshikiza krosmemba kwenye chesisi, zina ufa.

Nilivyosoma ni kwamba kosa si la mkono wangu. Mjerumani mmoja anaitwa Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachofungua nati si mtikisiko wa juu chini, ni ule wa pembeni, bamba mbili zikisuguana kulia kushoto hata kwa unywele mmoja nati inajizungusha yenyewe taratibu. Na chesisi ya tipa kazi yake ndo hiyo, kujinyonga. Halafu kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hatulijui, ukikaza nati nguvu yako karibu yote inaliwa na msuguano, chini ya nati na ndani ya uzi, inayobaki kuvuta bolti yenyewe ni kama asilimia 10 tu. Kwa iyo uzi ukiwa na kutu kidogo, mkono unakwambia imekaza na bolti haijavutwa chochote.

Ndo nikafikia kwenye lokibolti. Wengine wanaziita Huckbolt hata kama si za kampuni ya Huck, kama tunavyosema Colgate. Kwa asiyeijua: ni pini ya chuma isiyo na uzi, ina mifereji ya duara, kila mfereji unajifunga wenyewe kama pete, haujizungushi kupanda juu. Pini inapita kwenye tundu, upande wa pili unavalisha kola, ambayo ni bomba fupi nene, laini kwa ndani. Bunduki ya haidroliki inakamata mkia wa pini inauvuta, bamba zinabanana kwanza, halafu kikombe cha mbele cha bunduki kinaikandamiza kola mpaka chuma chake kinaingia kwenye ile mifereji, mwisho mkia unakatika kwenye shingo yake nyembamba. Pah. Basi. Hakuna kinachoweza kujifungua maana hakuna kinachozunguka. Na shingo imekatwa kiwandani ivunjike kwa nguvu ileile, kwa iyo pini ya kwanza na ya arobaini zinabana karibu sawa, uwe umeshiba au una njaa.

Nimemwambia mzee bei ya kazi nzima 1,800,000. Akauliza, "Na zikilegea?" Nikamwambia, mzee wangu hizi hazilegei, zikikosewa zinakatwa. Hilo la kukatwa nililisema kwa mdomo tu, sikujua nitalilipia.

Jumanne, 6 Agosti

Kufungua, kuosha, kutoa bodi, kukata bolti za zamani. Siku mbili, sina la kusimulia hapo zaidi ya kutu. Wenye gari za pwani mnajua, upepo wa chumvi unaingia katikati ya bamba mbili unalala humo, ukizitenganisha zinatoka tabaka za kutu kama maganda ya kitunguu.

Vipimo. Pini nilizochagua ni za 5/8 ya inchi, yani 15.9 mm, tundu lake linatakiwa 11/16 ya inchi ambayo ni 17.5 mm. Matundu ya zamani ya bolti mengi yako 17.5 mpaka 18, hayo sawa. Ila tisa yamekuwa mayai, moja limefika 21 kwa upande mrefu. Hapo ukiweka pini unajidanganya, itabana lakini haijai, na kuchomelea tundu lizibe halafu utoboe upya kwenye chesisi sitaki, reli za magari haya baadhi zimepikwa kiwandani kwa moto wa kipimo, ukichomelea unalainisha pale pale panapobeba. Nimeamua gasseti zote sita nazikata mpya, bamba la 10 mm, na mpangilio wa matundu unayakwepa yale mayai. Kanuni niliyotumia ni kutoka tundu hadi tundu si chini ya mara tatu ya unene wa pini, na kutoka tundu hadi ukingo si chini ya mara mbili. Na hutoboi bawa la juu wala la chini la chesisi, unatoboa ubavu tu, yani uso wake wa wima.

Jumla nafasi 48, nane kila upande wa kila krosmemba.

Unene nikapima pale mwisho wa chesisi nyuma kabisa kwa venia, kile kipimo cha taya: ubavu 8 mm, gasseti 10 mm, jumla 18. Pini zinauzwa kwa namba ya gripu, yani unene wa bamba zinaoweza kubana, ambayo inahesabiwa kwa sehemu za 16 za inchi. Namba 12 kwa pini hizi inashika unene wa kama 16 mpaka 22 mm. Kumi na nane iko katikati, safi kabisa. Nikaagiza Dar pini 60 na kola zake, 5,500 kila seti, 330,000. Kumbukeni sentensi hiyo ya "nyuma kabisa", itarudi.

Jumamosi, 10 Agosti

Kutoboa. Nilianza na drili ya mkono na biti moja ya 17.5, ikafa tundu la nne, ikajikunja na kona ikabaki ndani. Biti 35,000. Dogo akasema si tuite ile drili ya sumaku ya jirani mchomeleaji. Nilikuwa nataka kuokoa hela. Drili ya sumaku tumekodi siku mbili kwa 40,000 kwa siku, na biti nyingine 35,000, na kuanzia hapo kazi ikawa kama kutoboa papai, oili ya kupoza muda wote na mwendo mdogo.

Gasseti tulizibana kwenye chesisi kwa klempu tukatoboa vyote viwili pamoja ili matundu yalingane. Kulingana yalilingana, lakini hapo tulizaa shida ambayo tuliigundua Alhamisi iliyofuata.

Jumatano, 14 Agosti

Pampu na bunduki vimefika stendi ya Kange asubuhi na basi, nauli ya mzigo 15,000. Nimekodi kwa mtu Dar, 120,000 kwa siku, na siku inahesabiwa ukishaupokea mzigo hata kama umeuweka chini ya kitanda. Kununua sikuthubutu hata kuuliza mara mbili.

Saa tatu tumefunga hozi, saa tatu na nusu tumewasha, pampu inaguna inazima. Inaguna inazima. Nikampigia mwenyewe, akauliza swali moja tu, "Umeme umeuvuta kwa waya gani?" Waya ni ekstensheni yangu ya siku zote, mita 40, ile nyembamba ya 1.5. Akacheka. Mota inadai umeme mwingi wakati wa kuanza, waya mrefu mwembamba unaushusha njiani, mota inakosa nguvu inajikata. Tukaenda mjini kununua waya wa 4 mm mita 20 kwa 7,000 mita, 140,000 bila kutarajia, na tukasogeza pampu karibu na soketi. Ikawaka. Saa nane mchana.

Kabla ya kugusa gari tulifanya jaribio kwenye vipande vya bamba, 10 na 8. Pini ya kwanza bunduki ilivuta, kola ikakandamizwa nusu, mkia haukukatika, na bunduki ikabaki imeng'ang'ania kola haitoki. Hapa nilitoka jasho la baridi maana kitu si changu. Ikawa oili kwenye pampu iko chini ya alama na hozi zina hewa. Tukaongeza oili (lita 4, 48,000, na iwe safi, ndoo isiyofunikwa inaingiza mchanga), tukaweka bunduki chini kuliko pampu, tukaibonyeza ivute irudi ivute irudi bila pini mara kama ishirini mpaka hewa ikaisha. Pini ya pili ikakatika vizuri, pah moja, na bunduki ikajitoa yenyewe.

Hiyo ya pili tukaipasua katikati kwa grainda kwa urefu. Yeyote atakayeanza kazi hii nakusihi ufanye hivi. Unaona kwa macho yako chuma cha kola kimejaa kila mfereji, hakuna mwanga. Nikapima na kipenyo cha kola iliyokandamizwa kwa venia nikaandika ukutani kwa chaki, ndo ikawa kipimo changu cha kukagulia nyingine zote. Kuna geji maalumu ya kazi hiyo, inaingia au haiingii, mimi sikuwa nayo.

Siku ya kwanza imeisha, kwenye gari pini sifuri.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku mbaya. Naiandika yote.

Asubuhi krosmemba ya mwisho nyuma, matundu yake yalikuwa tumeyasafisha vizuri, tukapiga tisa mfululizo bila tatizo, kila moja sekunde chache. Nikampigia na picha mzee. Ndo kosa la kwanza la siku, kufurahi.

Pini ya kumi na kumi na moja alivalisha dogo. Kola ina upande wenye ukingo mpana kama sahani na upande mwembamba. Ukingo mpana unakaa kwenye bamba. Dogo akaziweka kinyume, na mimi nimelala chini ya gari sioni, nikavuta. Kikombe cha bunduki kikakutana na ule ukingo, kola ikakandamizwa kombo. Pini mbili za kukata.

Ya kumi na mbili nusura iwe msiba. Niliita "Tayari?" akajibu "Tayari" na kola hajaiweka, alimaanisha pini iko tayari. Nikavuta. Pini isiyo na kola haina kinachopunguza nguvu, mkia ulipokatika ukatoka nyuma ya bunduki kama risasi, ukapita kando ya sikio la dogo ukatoboa ndoo ya plastiki iliyokuwa mita tatu nyuma. Ndoo ina tundu mbele na tundu nyuma. Tulikaa chini dakika nzima hatuongei. Kitabu cha bunduki kilikuwa kimeonya jambo hili hili na mimi nilikuwa nimekipekua harakaharaka. Kuanzia hapo sheria: miwani wote wawili, mtu hasimami nyuma ya bunduki, gunia limening'inizwa nyuma kupokea mikia, na neno "tayari" limefutwa, tunasema "kola ipo".

Tukahamia krosmemba ya katikati. Pini nne, zote zimekatika vizuri, kola kwa kipimo cha ukutani ziko sawa. Nikapitisha tochi nyuma nikaona mstari wa mwanga kati ya gasseti na chesisi. Nikachukua kipande cha blade ya msumeno wa chuma, ikaingia. Pini nne zimebana hewa!

Sababu ni kule kutoboa pamoja. Biti ikitoka kwenye bamba la kwanza kuingia la pili inaacha makapi ya chuma kwenye midomo ya matundu, katikati ya bamba mbili, na ukiziacha zimebanwa na klempu huyaoni. Baada ya kutoboa ilitakiwa tuzitenganishe, tukwangue midomo yote, tupige brashi ya waya na praima nyembamba, ndo zirudi. Kwenye krosmemba ya mwisho tulifanya kwa sababu nilikuwa na muda, hizi nyingine tukaona aah, itajibana yenyewe. Bunduki inavuta sana, kweli, lakini nguvu inayotumika kuvuta pengo haipo tena ya kubana.

Na hapa ndo nimeelewa tofauti ya hiki kitu na nati. Nati ina uvumilivu, ukikuta pengo unakaza, kesho unakaza tena, unajidanganya miezi. Hii ikishasema pah mazungumzo yameisha. Kwa iyo kazi yote inahamia kabla ya bunduki, kwenye tundu na kwenye usafi, na mimi nilikodi bunduki kwanza nikaja kusafisha baadae.

Jioni nikasema basi tumalizie ya mbele angalau. Pini tatu. Mkia unakatika lakini ukiangalia kola, mwisho wa pini haujatokeza, umezama ndani kama jino lililong'oka. Kwenye zile nzuri pini inachungulia nje kidogo. Nikapima unene. 24 mm. Nikapima tena. Dogo ndo akaona, kwa ndani ya chesisi kuna bamba la pili la 6 mm, chesisi ya kuongezea nguvu, inakuja kutoka mbele inaishia kabla ya krosmemba ya katikati. Mimi nilipima nyuma kabisa ambako haipo. Nafasi 16 zote za krosmemba ya mbele zinadai namba 16, na mimi nina mfuko mzima wa namba 12.

Nimefungasha bunduki, kesho inarudi Dar na basi. Siku mbili 240,000, pini nzuri tisa.

Jumamosi, 17 Agosti

Kukata zilizokosewa. Tisa jumla kwenye gari: mbili za kola kinyume, nne za pengo, tatu fupi. Ile isiyo na kola ilitoka yenyewe.

Usitumie gesi. Kila anayepita gerejini ananiambia chukua gesi pasha kola itaanguka, ndiyo itaanguka, na ubavu wa chesisi utakuwa umepikwa. Njia niliyotumia ni grainda ya diski nyembamba, unapasua kola kwa urefu pande mbili zinazotazamana, bila kugusa bamba, halafu patasi na nyundo inafunguka kama ganda la korosho, halafu ponchi unaisukuma pini. Ya kwanza dakika 40, ya mwisho dakika 15. Kuna mkasi wa haidroliki wa kupasulia kola, nimeuona kwa picha tu. Diski kumi na mbili za 3,000 zimeisha mpaka leo, 36,000.

Pini na kola zilizotoka hazirudi kazini, hata kama zinaonekana nzima. Dogo ameziomba, anasema atatengeneza vishikio vya pazia.

Jumanne, 20 Agosti

Gasseti za katikati na mbele zimetolewa, midomo ya matundu imekwanguliwa kwa biti kubwa ya mkono, brashi, praima. Tumezirudisha kwa bolti za muda, za kawaida na nati, tundu moja ndiyo moja hapana, tukaanza kukaza katikati kwenda pembeni, na kipande cha msumeno kikazungushwa kila ukingo. Hakiingii popote. Unene umepimwa kila nafasi, si kila krosmemba, kila nafasi, na umeandikwa kwa chaki pembeni ya tundu. Pini 20 za namba 16 zimefika, 6,000 kila seti, 120,000.

Nimepima pia jambo lingine nililokuwa silifikirii, nafasi ya bunduki yenyewe. Pua ya bunduki lazima ikae wima kabisa juu ya kola, ikiinama kola inakandamizwa upande mmoja. Kwa ndani sehemu nyingi krosmemba inazuia pua, suluhisho ni kugeuza: pini inaingia kutokea ndani, kola inakaa nje. Sawa kwa karibu zote, isipokuwa nafasi nne ambapo nje kuna mabano ya tanki la upepo na ndani kuna kona ya krosmemba. Nimejaribu kwa mfano wa mbao niliochonga kwa ukubwa wa bunduki, haiingii. Hizo nne, zote za unene wa 18, nimeziwekea bolti za daraja la 10.9, zile za chuma kigumu, zenye nati za kujifunga, 4,500 kila moja, nikachora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba ili nione kama itahama. Sipendi lakini ndo hali.

Ijumaa, 23 Agosti

Bunduki ilirudi Jumatano, imeondoka leo. Siku tatu, 360,000, na nauli tena.

Jumatano pini kumi na tisa za namba 12. Ulikuwa mwendo wa sala. Bunduki inapiga kwenye tundu lililo tupu kati ya mawili yenye bolti za muda, halafu bolti ya muda inatoka na nafasi yake inapigwa. Hamna iliyokosewa.

Alhamisi asubuhi namba 16, ya kwanza tu bunduki ikateleza. Inavuta, inasikika krrr, inaachia, na mkia wa pini umekwanguka mifereji yote. Pini moja imepotea. Nilidhani meno ya bunduki yamekwisha na nimeshaanza kuhesabu fidia. Kumbe ni vumbi la chuma, kila mkia unaopita unaacha unga kidogo kwenye meno ya ndani, ukijaa meno hayafiki chini ya mfereji. Fungua pua, osha meno kwa mafuta ya taa na mswaki, pulizia upepo wa kompresa, paka oili kidogo, rudisha. Baada ya hapo nikawa nasafisha kila baada ya pini kumi na haikuteleza tena. Mswaki ulikuwa wa dogo, nimemnunulia mwingine.

Mchana ikaanza kung'ang'ania kola kama siku ya kwanza. Oili imejaa, hewa hamna. Mwenye bunduki akanielekeza kwa simu, presha ya kurudisha iko chini, kuna skrubu yake kwenye pampu tofauti na ya kuvutia, akanipa namba ya kusoma kwenye geji, nikairudisha pale. Ikaacha. Namba siiandiki hapa kwa sababu inategemea pampu na bunduki yako, soma kitabu chake, na usiguse hozi ikiwa na presha, oili ya presha ile inapenya ngozi na hospitali wanakupasua mkono kuitoa.

Leo asubuhi ukaguzi. Pini 44, zote kola kwa kipimo cha ukutani, zote pini imetokeza, msumeno hauingii popote. Halafu kitu ambacho wenzetu wa bara wanaweza kukipuuza: pini na kola zimepakwa zinki, lakini pale mkia ulipokatikia ni chuma kitupu. Hapa kwetu ukikiacha hivyo wiki moja kinakuwa chekundu. Kila ncha imepata tone la praima ya zinki kwa brashi, kopo 55,000.

Jumamosi, 24 Agosti: hesabu

Pini na kola zote 450,000. Kukodi siku tano 600,000. Mizigo ya basi mara nne 60,000. Waya 140,000. Biti mbili 70,000 na drili ya sumaku 80,000. Diski 36,000, oili 48,000, praima 55,000, bolti nne 18,000. Jumla 1,557,000. Bamba la gasseti alinunua mzee mwenyewe halimo. Kwenye 1,800,000 zimebaki 243,000 za watu wawili kwa wiki tatu, nimempa dogo laki moja na ishirini na ndoo aliitaka kumbukumbu nikamwachia.

Ningesafisha na kupima kila nafasi kabla ya kukodi, zingetosha siku mbili badala ya tano, na mzunguko mmoja wa basi. Hiyo ni 390,000. Waya ningeununua vilevile. Pini za namba 12 zimebaki 20 mkononi, namba 16 tatu.

Kwa kulinganisha, bolti za 10.9 kwa nafasi zote 48 zingekuwa 216,000. Kwa hiyo mtu akiniambia lokibolti ni ghali simbishii. Kwa gari la kubeba magodoro nisingeweka.

Jumamosi, 14 Septemba

Wiki tatu, muda ambao siku zote lilikuwa linarudi na kelele. Mzee amepita kuchukua spea tu. Nimeingia chini na tochi na nyundo ndogo, nagonga kola moja moja nasikiliza, zote zinatoa sauti kavu. Hamna alama ya kutu nyekundu kuzunguka kola, ile inayotokea bamba zikisuguana.

Jumamosi, 2 Novemba

Msimu wa vuli umeanza, barabara ya machimbo imekuwa mahandaki. Lokibolti 44, hamna iliyosogea. Praima imechubuka kwenye ncha sita, nimerudia.

Bolti nne za kando ya tanki la upepo: mbili mstari mweupe umehama, moja kama robo ya mzunguko. Nimezikaza nikachora upya. Nimeuliza Dar kama kuna pua nyembamba ya kona, ipo, inakodishwa peke yake 60,000 kwa siku.

Mzee ana lori la pili la namna hiyo hiyo, anataka lianze Jumatatu. Nimemwambia aliache hapa siku tatu nipime kwanza, pini sijaagiza.